Acheni Kununua Laptopu za Gemu kwa Ajili ya Filamu!

Haya wasomaji wangu, leo nilikuwa nimepanga tuendelee na somo letu la Python, lakini litangoja. Kuna jambo limenikaa kooni.

Juzi rafiki yangu mmoja anayetayarisha filamu huko Machakos alinitumia orodha ya vitu anavyotaka kununua kabla hawajaanza kurekodi mwezi ujao. Juu kabisa kuna laptopu moja. Moja tu! Prosesa ya kisasa kabisa, kadi ya michoro ya kuchezea gemu nzito, kibodi inayowaka taa za rangi zote za upinde wa mvua, na bei ambayo ukiisikia unatafuta kiti kwanza. Chini kabisa, kama mtu aliyekumbuka chumvi akiwa tayari anatoka dukani, ameandika: "Diski za nje 2, zozote."

Zozote!

Nilimpigia simu. Akanisikiliza kwa adabu, halafu akaniambia, "Kaka, wewe ni mtu wa programu. Hii ni sanaa, tuachie." Sawa, sanaa nawaachia. Lakini kompyuta inayopokea picha kutoka kwenye kamera haifanyi sanaa hata kidogo. (Walimu wa Kiswahili mnisamehe, "tarakilishi" nitaitumia siku nyingine.) Kazi yake ni ile ya karani wa ghala: kupokea mzigo, kuuhesabu, kuuweka mahali pawili, kuuhesabu tena, na kumzuia dereva asiondoke mpaka hesabu zilingane. Karani hahitaji misuli. Anahitaji kuwa mwangalifu, asiwe mwongo, na awe na mwenzake wa kumshikia zamu akiugua. Ninyi mnaajiri mnyanyua vyuma, mnamvalisha nguo za kumetameta, halafu mnashangaa magunia yakipotea.

Sisemi haya kwa kusoma vitabuni. Niliitwa kwenye matanga ya data, Machakos hapo hapo.

Ilikuwa Novemba 2022. Kwa wasioujua mji huo, filamu si jambo geni kwao. Gavana wa kwanza wa kaunti, Alfred Mutua, aliyechaguliwa mwaka 2013, ndiye mwanzilishi wa kile kipindi cha televisheni cha Cobra Squad, na wakati wake jina "Machawood" lilivuma sana. Ukiacha siasa, mandhari yapo: vilima vya Iveti na Mua, nyika kavu upande wa Athi River, na Nairobi iko kilomita 60 na kitu tu. Basi kikundi cha vijana walikuwa wakitengeneza filamu, nusu igizo nusu ushuhuda, kuhusu mwaka 1938. Mnaikumbuka habari hiyo? Serikali ya kikoloni iliamua kuwapunguzia Wakamba mifugo kwa nguvu, ng'ombe wakachukuliwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa huku kiwanda cha nyama cha Liebig kikiwangoja Athi River. Muindi Mbingu, yule mwenye barabara yake katikati ya Nairobi, akaongoza watu kwenda huko kwa miguu kumwona gavana na kudai ng'ombe wao. Baadaye Mbingu alikamatwa, akapelekwa kuzuiliwa Lamu.

Vijana hawa walikuwa wamempata nyanya mmoja, Susu kama tunavyosema Ukambani, ambaye alikuwa mtoto wa miaka sita hivi baba yake alipoondoka na msafara ule. Mwaka 2022 alikuwa na miaka tisini. Watu wanaoikumbuka siku ile kwa macho yao wenyewe unaweza kuwahesabu kwa vidole, na kila mwaka unakunja kidole. Siku ya tatu ya kurekodi Susu alikaa nje ya nyumba yake, akazungumza dakika 22 bila kusimama. Mpiga picha alikuwa na akili, hakukata. Likawa faili moja refu.

Kamera zao zilikuwa Blackmagic Pocket 4K, kamera nzuri kwa bei yake, zikirekodi kwa muundo wa Blackmagic RAW wa 5:1, fremu 25 kwa sekunde. Hapo kamera moja inatoa karibu megabaiti 68 kila sekunde. Faili la Susu peke yake lilikuwa gigabaiti 89.

Pesa zote za kompyuta zilikuwa zimeishia kwenye laptopu moja ya gemu, kwa sababu mwongozaji alitaka kuona picha zikiwa zimeshatiwa rangi pale pale. Ilikuwa na matundu machache, kwa hiyo wakanunua habu ya bei rahisi inayokula umeme wa ukutani. Nyuma ya habu kulikuwa na diski ya kuzunguka. Na nyuma ya yote hayo kulikuwa na kijana mmoja mpole, msaidizi wa kamera, ambaye hakuwahi kufundishwa kitu. Aliambiwa tu, "Wewe shika laptopu." Huyu simlaumu hata chembe, na nitamkasirikia yeyote atakayemlaumu.

Saa tatu usiku, nyumba ya wageni, mvua inanyesha, anakili kadi. Stima ikapotea. Laptopu ikaendelea kwa betri, lakini habu ikazimika na diski ikazimika nayo, katikati ya faili la Susu. Baada ya dakika kama ishirini stima ikarudi. Akaivuta folda upya, Windows ikamuuliza: mafaili haya tayari yapo, niyabadilishe au niyaruke? Ilikuwa karibu saa nne na alikuwa ameamka saa kumi alfajiri. Akabonyeza "ruka". Wewe ungebonyeza nini?

Asubuhi akafungua folda. Majina yote yapo, ukubwa wa kila faili ni sawa na wa kwenye kadi, baiti kwa baiti. Akanakili diski ya kwanza kwenda diski ya pili, ili ziwe nakala mbili. Akarudisha kadi kwenye kamera, ikafomatiwa, wakarekodi juu yake siku nzima.

Wiki mbili baadaye mhariri alinipigia kutoka Nairobi. Faili moja halifunguki. Nililifungua kwa programu ya kutazama baiti moja moja, na hadi kama gigabaiti 36 data ilikuwa nzuri tu. Kutoka hapo hadi mwisho, sifuri. Sifuri, sifuri, sifuri, gigabaiti 53 za sifuri. Wanaoandika programu watakuwa wameshaelewa: Windows ikianza kunakili faili hulitengea nafasi yake yote kwanza, kisha ndiyo inaanza kujaza. Ukikata katikati, unaweza kubaki na gunia lenye urefu kamili na mahindi nusu. Na nakala ya pili je? Ilitokana na ile ya kwanza, kwa hiyo ilikuwa na sifuri zile zile, kwa uaminifu mkubwa.

Niliandika programu ndogo ya kuchambua fremu zilizobaki, nikaokoa dakika tisa. Sauti ilikuwa kwenye kinasa sauti chake, nzima, dakika zote 22. Walirudi kwa Susu kumwomba aseme tena. Akawauliza kwa Kikamba, "Si nilishasema? Mlikuwa wapi nilipokuwa nikisema?" Akawapa dakika nne kwa hisani yake, kama mtu anayemjibu karani wa serikali. Kwenye filamu iliyokamilika, dakika kumi na tatu za sauti yake zinapita juu ya picha za vilima vya Iveti. Usiku wa kuonyeshwa watu walimsifu mwongozaji kwa uamuzi huo wa kisanii, naye akapokea sifa. Mimi nilikuwa safu ya nyuma nikiuma ulimi.

Sasa tufanye hesabu, maana hasira bila hesabu ni kelele.

Chukua siku ya kawaida yenye saa mbili za picha kutoka kamera moja. Kwa megabaiti 68 kwa sekunde hiyo ni kama gigabaiti 490. Diski ya nje ya kuzunguka inaandika labda megabaiti 110 kwa sekunde ikiwa na afya, kwa hiyo saa moja na robo. Kuisoma tena ili kuhakiki, saa moja na robo nyingine. Diski ya SSD ya kawaida kabisa kwenye tundu la USB 3 inaenda megabaiti 450 hivi, kazi ile ile dakika 18. Ukitumia kimakosa waya wa USB-C uliokuja na chaja ya simu, ambao nyingi zake ndani ni USB 2 tu, utakaa zaidi ya saa tatu na nusu. Sasa nionyesheni katika hesabu hii kadi ya michoro iko wapi! Haipo. Na prosesa? Kukokotoa cheksamu kwa xxHash, iliyoandikwa na Yann Collet, kiini kimoja cha prosesa ya miaka kadhaa iliyopita kinamaliza gigabaiti nyingi kwa sekunde. Prosesa inalala muda wote ikingojea diski. Yule kijana angekuwa na SSD badala ya taa za rangi, angemaliza kabla stima haijapotea.

Nimetaja cheksamu, tusimame hapo kidogo kwa wageni. Ni namba fupi inayokokotolewa kutoka kwa baiti zote za faili. Ikibadilika baiti moja tu, namba inakuwa nyingine kabisa. Unaikokotoa kwenye kadi, unaikokotoa kwenye nakala, unalinganisha. Ndivyo karani anavyofanya sokoni: gunia halipimwi kwa kuliangalia urefu, linapandishwa kwenye mizani linapotoka na linapoingia. Chama cha wapiga picha wa sinema wa Marekani, ASC, kimetoa hata kanuni ya kuandika namba hizi kwenye faili linalosafiri pamoja na picha, inaitwa MHL. Programu za kulipia kama Silverstack na OffShoot zinafanya haya zenyewe. Huna pesa? DaVinci Resolve ya bure ina kifaa cha kunakili kinachohakiki. Unajua Linux? rsync na xxhsum zinatosha.

Lakini rsync nayo mjihadhari. Ukiiacha na tabia yake ya kawaida, faili lenye ukubwa na tarehe sawa inaliruka, yaani inabonyeza "ruka" kwa niaba yako. Tena kuna mtego mwingine ambao hata watu wa programu wanaingia: ukihakiki faili papo hapo baada ya kulinakili, kompyuta inaweza kukusomea kutoka kwenye RAM, ambako baiti bado zimo, badala ya kuzisoma kwenye diski. Ni sawa na kumwuliza mpakiaji "ulishusha magunia mangapi?" badala ya kwenda ghalani kuhesabu. Chomoa diski kwa utaratibu, ichomeke tena, ndipo uhakiki. Ndiyo, inachukua dakika 18 zaidi. Kunyweni chai.

Basi ninunue nini, utaniuliza. Mbili. Hilo ndilo jibu langu la kwanza na la mwisho, mengine tunaweza kubishana. Kompyuta mbili zinazofanana, hata za mtumba, ni bora kuliko moja mpya. Mimi ningechukua ThinkPad T480 mbili za ex-UK. Ni za mwaka 2018, zina matundu mawili ya USB ya kawaida na mawili ya USB-C bila habu yoyote, na zina betri mbili, ya ndani na ya nyuma. Ile ya nyuma unaibadilisha mashine ikiwa inafanya kazi! Moja ikifa Jumanne saa tano asubuhi, unachukua ya pili, unaendelea. Ile laptopu ya gemu ikifa, mtu anapanda gari, Kyumvi, Athi River, Mlolongo, msongamano wa Mombasa Road, na waigizaji wote wamekaa chini ya mti wanakula posho ya siku.

Pesa iliyobaki, na itabaki, peleka kwenye diski. Usinunue "zozote". SSD nyingi za bei ya chini zina sehemu ndogo ya haraka mbele. Ikijaa, mwendo unashuka hadi chini ya ile ya kuzunguka, na tangazo la kwenye boksi halisemi hivyo. Diski na kadi bandia nazo zimejaa, zinazodai terabaiti mbili na ndani zina nafasi ya kiganja. Kabla hujaondoka mjini zijaze zote kwa programu ya F3 au H2testw, uone kama zinarudisha ulichoweka. Na nunua UPS ndogo. Kama kuna kitu kingine lazima kipate umeme wa ukutani ili diski iishi, hicho ndicho kitakachokuua.

Najua mtakachonijibu, kwa sababu nimeshajibiwa. Mwongozaji anataka kuona rangi! Aone. Anunuliwe mashine yake, aitie rangi nakala ya tatu, acheze hata gemu akipenda. Mashine inayopokea kadi isiguswe na mtu mwenye hamu ya kuona kitu. Wengine mtasema MacBook zenye chipu za M1 na kuendelea, zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2020, zinafanya yote mawili na hazili umeme. Kweli kabisa, sina ugomvi na Apple. Kama una bei ya mbili, nunua mbili. Kama una bei ya moja, huna bei ya MacBook.

Na wale wanaosema mambo haya ni ya Hollywood, sisi bajeti hatuna. Hapa ndipo napandwa na mori. Mwaka 1998 kule Pixar mtu alitoa amri moja ya kufuta, filamu ya Toy Story 2 ikaanza kupotea kwenye seva mbele ya macho yao, na walipokimbilia nakala za akiba wakakuta haziaminiki. Kilichowaokoa ni kompyuta iliyokuwa nyumbani kwa mfanyakazi mmoja, Galyn Susman, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani kwa sababu ya mtoto mchanga. Wao walikuwa na mabilioni, na wangeweza kuichora tena kwa sababu filamu yote ni michoro ya kompyuta. Wewe una Susu mmoja. Nani hapa hana uwezo wa kupoteza?

Tena soko lenyewe limebadilika. Tangu Country Queen iingie Netflix mwaka 2022, ya kwanza ya mfululizo kutoka Kenya, kila mtayarishaji ninayekutana naye anaota Netflix. Vizuri. Netflix wanataka picha za kamera zihifadhiwe kwa kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, aina mbili za vihifadhi, moja iwe mahali pengine. Hawaulizi kibodi yako inawaka rangi gani.

Hiyo ya "mahali pengine" Machakos inachekesha kidogo. Si mbali na hapo ndiko Konza, ambako Rais Kibaki alizindua ujenzi wa mji wa teknolojia Januari 2013, na watu husikia "wingu" wakadhani tatizo limekwisha. Gigabaiti 490 kwa intaneti inayopandisha megabiti 20 kwa sekunde ni saa 54. Siku mbili na zaidi kwa picha za siku moja! Lakini mpe mtu unayemwamini diski ile, apande matatu ya Nairobi, afike kwa saa mbili. Ukipiga hesabu, matatu hiyo inasafirisha zaidi ya megabiti 540 kwa sekunde, na inasimama Kyumvi kuuza maembe. Asiitume kama kifurushi, aishike mkononi.

Orodha mpya nimeshamtumia rafiki yangu. ThinkPad mbili, SSD nne, diski kubwa mbili za kuzunguka kwa ajili ya usiku, UPS, tepu nyekundu ya kubandika kadi ambayo haijahakikiwa, na jina la mtu mmoja tu mwenye ruhusa ya kusema "fomati". Jumla ni chini ya bei ya ile laptopu yake. Nimejitolea pia kwenda siku mbili za kwanza kumfundisha huyo mtu, nauli juu yangu. Mpaka naandika hapa hajajibu.